Kizibao Chenye Mgongo wa Wavu

Katika nyumba ile ya vyumba viwili, kikohozi kilikuwa kimepigwa marufuku. Aliyekipiga marufuku ni mama mwenye nyumba, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, na wala hakufanya hivyo kwa ukali. Alisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, amefumba jicho moja huku akitunga uzi kwenye sindano. Na mtu anayekuambia maneno mazito huku mkono wake hautetemeki penye tundu la sindano, huyo si wa kubishana naye.

"Msimu huu wa baridi," alimwambia mumewe, "siku nitakayokisikia kile kikohozi chako cha mwaka jana, kile cha kutoka chini ya mbavu, baiskeli inatoka humu ndani. Sitasema mara mbili, Baba Pacha. Nimekaa kwenye benchi la hospitali mpaka benchi likanizoea. Safari hii afadhali uninunie ukiwa mzima."

Baba Pacha alijibu kwamba amesikia. Angejibu nini? Mwaka uliopita homa ya mapafu ilimlaza hadi mashavu yakaingia ndani, na wale pacha wao, mabinti wawili walioolewa mbali, walisafiri kuja kumuaga baba yao wakamkuta bado yupo. Mkewe ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani na kumlisha uji. Mtu aliyekulisha uji kwa kijiko, nawe una meno yako yote, ana haki ya kukuwekea sheria.

Huko nje, lakini, hakuna aliyemwita Baba Pacha. Aliitwa Kengele. Kazi yake ilikuwa kupeleka maziwa. Alfajiri alitoka mjini na madebe matupu yamefungwa ubavuni mwa baiskeli, akapanda mlima mpaka kituo cha maziwa kule juu penye mazizi, akapakia, kisha akateremka kuyagawa kwenye migahawa na katika shule moja ya bweni. Baiskeli yenyewe haikuwa na kengele na haikupata kuwa nayo. Ni madebe yaliyokuwa yakigongana wakati wa kupanda, na waliokuwa bado vitandani walijua saa kwa mgongano huo. Ndipo asiye na kengele akaitwa Kengele, kama mtu mnene anavyoweza kuitwa Sindano na akaitika.

Sasa, mlima ule ulikuwa na hila. Wakati wa kupanda unakukamua jasho mpaka shati linakushika mgongoni kama ngozi ya pili. Ukifika juu unapakia, halafu unaanza kuteremka, na katika kuteremka hakuna kukanyaga. Miguu imetulia, mikono iko kwenye breki, mwili unapoa, na upepo unakujia kifuani moja kwa moja, unapita kwenye sweta kama maji kwenye chujio. Sweta zito linamfaa mtu aliyesimama. Aliye juu ya baiskeli inayoteremka anajitengenezea upepo wake mwenyewe, na huo hauna huruma hata na aliyeutengeneza. Miaka ya nyuma Kengele alikuwa akiweka gazeti chini ya shati. Gazeti lilisaidia, ila likilowa jasho linageuka ugali, na mara moja alivua shati akakuta picha ya mgombea wa uchaguzi imejichapa kitovuni.

Kwa hiyo alijua kwamba ahadi aliyompa mkewe haiwezi kutimizwa kwa nia njema peke yake. Kifua chake kilihitaji mlango.

Na kuna jambo lililomfanya aliwaze hilo hata akiwa amelala. Nyuma ya sheria ya Mama Pacha alikuwa amesimama kaka yake, mwenye ghala la saruji na misumari, mtu mpana, mcheshi, asiyeweza kumwona Kengele bila kumtania. Shemeji huyu alikwisha kusema baiskeli ikitolewa ataichukua yeye, na kwamba langoni pa ghala lake pana kiti kinachomsubiri Kengele. Kazi ni kufungua lango na kulifunga. Kila alipokutana naye alimwambia kile kiti amekifuta vumbi, au amekiwekea mto, au kinamsalimia. Kengele alicheka kila mara, kwani shemeji ni shemeji. Lakini akishaachana naye alijiona amekaa kwenye kile kiti kama gunia lililosahauliwa, akisikiliza madebe ya mtu mwingine yakipita.

Aliyemfungua macho ni binti mmoja wa mbio za baiskeli, aliyekuwa akifanyia mazoezi kwenye mlima uleule. Kila alfajiri alimpita Kengele katikati ya mwinuko, akamwamkia huku anapita, na Kengele akaitikia marahaba kwa pumzi aliyokuwa nayo. Walikutana kileleni, kwenye kituo cha maziwa, ambako binti aliingia kunywa kikombe kabla ya kugeuza. Asubuhi moja yenye baridi ya kuuma masikio alichomoa mfukoni kitu kilichokunjwa kikatosha kwenye ngumi, akakikung'uta, kikawa kizibao, kikoti kisicho na mikono. Kitambaa chake kilikuwa chembamba kama ganda la kitunguu.

Kengele alimwambia hicho hakizuii hata mbu. Binti akampa. Akamwelekeza aweke kitambaa mdomoni, kiganja nyuma yake, apulize. Kengele alipuliza mpaka masikio yakaziba, na kiganja hakikusikia kitu. Akakigeuza. Mgongo ulikuwa wavu mtupu, matundu kama ya chandarua. Akauliza kama mshonaji aliishiwa kitambaa.

"Upepo unakuja mbele, mzee," binti alisema. "Nyuma ni mlango wa jasho. Ukiufunga huo, utateremka umevaa maji."

Aliuliza bei ya dukani. Alipotajiwa alimrudishia binti kizibao chake kwa mikono miwili, kama mtu anayemrudisha mtoto mchanga kwa mama yake. Binti hakucheka. Alimshauri apite kwenye mitumba, asiangalie jina lililoandikwa kifuani, aangalie kitambaa cha mbele, kola iliyosimama mpaka kooni, na pindo la nyuma liwe refu la kufunika kiuno mtu akiinama kwenye usukani. Na kibane. Kikipwaya kitapepea kama bendera, kitaingiza upepo chini kwa chini.

Basi siku ya soko, baada ya kugawa maziwa, Kengele alisimama mbele ya mlima mwingine, wa nguo. Muuza mitumba alikuwa amepanda juu yake pekupeku, anaimba bei. Kengele alianza kuchimba. Alitoa kizibao cha ngozi, akakiweka mdomoni, akapuliza. Hakipiti kitu, lakini kilikuwa kizito kama lawama, na mgongo wake ulikuwa ngozi ileile. Akatoa cha wafanyakazi wa barabara, chenye mistari ya kung'aa. Alipopuliza, kiganja kikaitikia papo hapo. Akatoa kilichojazwa sufi, kinene kama godoro, kinachovutia macho ya mtu mwenye baridi. Alikishika kwa muda mrefu. Kisha akapuliza penye mishono na upepo ukatokea upande wa pili, akakumbuka pia kwamba sufi hunywa jasho na kulitunza.

Watu walianza kumtazama. Mwenye mitumba aliacha kuimba.

"Mzee, unanunua nguo au unapiga tarumbeta?"

Kengele alimjibu kwamba hajapata ya kumpa sauti. Akaendelea kuchimba mpaka chini kabisa, ambako nguo zimelala tangu soko lililopita, na huko mkono ukagusa ganda la kitunguu. Alikivuta. Kilikuwa pinki. Si pinki ya kujificha. Ilikuwa ile inayokuona kabla hujaiona. Akakipuliza. Kimya. Kola ilisimama, pindo la nyuma lilikuwa refu, mgongo ulikuwa wavu. Zipu ilikuwa imepoteza kishikio chake tu, na hilo ni jambo la kipande cha kamba. Alikivaa juu ya shati, kikamkaa kama kilikatwa kwa ajili ya mbavu zake.

Muuza mitumba alikiri kwamba nguo hiyo imekaa pale mpaka imejua jina lake. Wanaume wanaikimbia kwa rangi, wanawake wanaikataa kwa wavu. Alimwachia kwa bei ya chai na kitu cha kutafunia, na Kengele aliondoka haraka kabla mtu hajabadilisha mawazo.

Asubuhi ya kwanza alipanda akiwa na wasiwasi, akateremka akiwa mtu mwingine. Upepo ulifika kifuani ukabisha hodi, haukufunguliwa. Mgongoni jasho lilikuwa limeshapata njia yake, na alipofika chini shati lilikuwa na unyevu kidogo tu kama nguo iliyoanikwa mawinguni. Mama wa mgahawa wa kwanza alimpokea maziwa akamwuliza kama leo amekuja kuposa. Walimcheka kwenye migahawa yote. Aliwaacha wacheke. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na hiki hakikuwa kidonda.

Wiki nzima ilipita hivyo. Nyumbani Mama Pacha alikuwa akimsikiliza anavyopumua usingizini, akidhani hajui. Kifua kilikuwa kimya. Alianza hata kuimba kidogo akiwa kwenye cherehani.

Kosa liliingia kwa mlango wa mapenzi. Siku moja Mama Pacha alikifua kizibao, akakianika, na jua lilipopiga mgongoni aliona ukuta wa jirani upande wa pili. Alikitazama kwa jicho la fundi. Ameshona maisha yake yote, na hakuna nguo aliyoikabidhi ikiwa na mbele bila nyuma. Alijua mara moja kwamba mumewe, mpole kama alivyo, ameuziwa nusu ya nguo, na kwamba ameona haya kusema. Kengele alikuwa amelala, maana anayeamka alfajiri hulala mchana. Alipoamka alisikia mkasi ukikata uzi wa mwisho.

Mkewe alimwinulia kizibao. Ndani ya mgongo, juu ya ule wavu, kulikuwa na kitambaa kizito chenye mpira, kimeshonwa mishono miwili miwili, midogo, imenyooka kama imepigiwa rula. Kengele alikitambua kitambaa. Akageuka ukutani kwenye msumari, palipotundikwa koti la mvua la mkewe, lile ambalo pia alilivaa ndani akishona siku za baridi. Mgongoni mwa koti palikuwa na shimo la mraba, kama dirisha lililotolewa fremu.

"Nimekuziba," mkewe alisema. "Mimi mvua hunikuta ndani siku hizi."

Maneno ya binti wa mbio yalimfika Kengele kwenye ulimi. Yalikaa pale. Alitazama lile dirisha kwenye koti, akatazama uso wa mkewe uliokuwa umepoa kwa mara ya kwanza tangu baridi ianze. Akayameza. Alimshukuru, akasema sasa hata tembo akipuliza hakipiti kitu. Na moyoni alijiambia kwamba pengine ukuta wa pili hauna ubaya, kwani binti yule ni mtoto, anajua mbio, hajui baridi ya watu wazima.

Kesho yake alijua kwamba amejidanganya. Kabla hajafika nusu ya mlima, mgongo ulikuwa umelowa. Kileleni maji yalimshuka hadi kwenye mkanda wa suruali. Alipoanza kuteremka, kifua kilikuwa salama, lakini maji ya mgongoni yalianza kupoa, yakawa kama mkono wa maiti umemshika katikati ya mabega, ukashuka naye kona baada ya kona hadi chini.

Alijaribu hila alizozijua. Alikivua wakati wa kupanda, upepo wa pembeni pale kwenye kona kubwa ukamkuta kifua wazi. Na alipokivaa kileleni, shati lililolowa likafungiwa ndani na maji yake. Alijaribu kufungua zipu nusu. Alijaribu kitambaa kikavu cha kuchujia maziwa, akakisokomeza mgongoni, kikalowa nacho. Siku moja, nyuma ya kituo cha maziwa, alitoa kisu kidogo cha kukatia kamba, akagusa mshono wa kwanza kwa ncha. Mishono ile ilikuwa imekaa kwa utulivu kama maneno ya sala. Na hata angeikata, mkewe angeiona jioni ileile, angeuliza, naye angelazimika kujibu. Akakirudisha kisu mfukoni.

Binti wa mbio alimpita akimsalimia, akampapasa mgongoni kwa mzaha wa kirafiki, mkono ukakuta mpira. Kileleni alimwuliza.

"Nani kaufunga mlango, mzee?"

"Mwenye nyumba," Kengele alijibu.

Binti alimtazama, akaona hapo si mahali pa kuingia na viatu.

Kikohozi kilianza kama mtekenyo. Kengele akakifanyia maarifa: alijifunza kukohoa mlimani. Akifika penye kona kubwa, mahali pasipo na nyumba, alisimama akakohoa chote alichokuwa nacho, ili arudi nyumbani amekauka kama debe lililomwagwa. Nyumbani alikunywa maji ya moto kwa kisingizio cha kiu. Kikimzidi aliingia bafuni, akamwaga maji kwa kopo, akakohoa ndani ya sauti ya maji. Mkewe alisema siku hizi anaoga kama bwana harusi. Kila aliposema jambo kama hilo, Kengele alimtazama usoni kutafuta kama anajua, na kumbe mkewe alikuwa ameshamtazama yeye kitambo. Usiku walilala wakiwa wameelekeana migongo, wote macho, mmoja akizuia na mwingine akisubiri.

Mficha maradhi, wahenga walisema, kilio humfichua. Kengele yeye alifichuliwa na kicheko.

Ilikuwa Jumapili, mchana wenye mawingu mazito. Shemeji alikuja kusalimia, akaketi, akapewa chai. Mama Pacha alikuwa cherehani akimalizia sare za shule, amejifunga kanga mabegani kwa kukosa koti. Shemeji akaanza kisa cha mteja wake mmoja aliyenunua mlango kabla ya kujenga nyumba, na jinsi kila asubuhi anavyousimamisha kiwanjani, anaufungua, anapita, anaufunga kwa ufunguo asiibiwe. Alikisimulia vizuri mno. Kengele alijibana, akang'ata mdomo, kisha kicheko kikapasuka, na nyuma ya kicheko, kama mbwa aliyekuwa akingoja mlango ufunguliwe, kikatoka kikohozi. Kilitoka chini ya mbavu. Kilimkunja mpaka chai ikamwagika.

Kilipokwisha, cherehani ilikuwa imenyamaza.

Mama Pacha hakumtazama mumewe. Alitazama mguu wake mwenyewe uliokuwa umesimama juu ya kikanyagio.

"Kaka," alisema, "ichukue."

Shemeji, aliyekuwa ameitania baiskeli ile msimu mzima, alikosa utani. Aliuliza kama ni leo. Dada yake akajibu ni leo, akarudisha mguu kazini, na cherehani ikaanza kukimbia kama gari lililokatika breki. Watu wa nyumba ile walijua: akikasirika hushona kwa kasi, na akiogopa hushona kwa kasi zaidi.

Hapo ndipo Kengele alipokuwa na nafasi ya kusema. Neno lilikuwa fupi. Lakini lingesemwaje? Mke wangu, ni mkono wako. Mwaka jana aliugua kwa ubishi wake mwenyewe. Mwaka huu amwambie aliyemlisha uji kwamba ndiye aliyemlaza? Akainuka, akatoka nje na shemeji yake.

Alitaka kuyafungua madebe mwenyewe. Mafundo aliyokuwa akiyafunga na kuyafungua miaka yote, siku hiyo yakawa hayamjui. Shemeji hakumharakisha. Alichukua spana akaanza kuhangaika na nati ya tandiko, maana miguu yake ilikuwa mirefu, na nati ilikuwa imeota kutu mahali pale pale kwa urefu wa mtu mmoja. Kengele alimwonyesha breki ya nyuma inavyochelewa, na kwamba gurudumu la mbele lina tabia ya kuvuta kushoto penye changarawe. Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayemkabidhi ng'ombe wake. Ndani cherehani haikupumzika. Mara moja tu ilisimama, zikasikika nyayo hadi ukutani na kurudi, ikaanza tena.

Nati ikalegea. Tandiko likapanda. Shemeji akashika usukani.

Cherehani ikanyamaza, na Mama Pacha akatokea mlangoni. Alikuwa amevaa kizibao cha pinki. Kanga haikutosha kwa baridi ile na koti lilikuwa na dirisha, kwa hiyo alichukua kilichokuwa kwenye msumari, akakifunga hadi kooni, akakanyaga cherehani kwa hasira yote aliyokuwa nayo. Sasa alikuja kumuaga kaka yake. Upepo ulikata kona ya nyumba ukamkuta palepale kizingitini.

Kengele alimwona akisita. Alimwona akipandisha mabega, kama mtu aliyetiwa kitu cha baridi kwenye kola. Mkono wa mkewe ukaenda nyuma, ukaingia chini ya pindo, ukapanda mgongoni, ukakaa huko. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake; na Mama Pacha, aliyekitandika kile kitanda kwa mkono wake, ndiyo kwanza alikuwa amekilalia.

"Baba Pacha, njoo hapa."

Alikwenda. Mkewe alimgeuzia mgongo, akamwambia aweke mkono. Kengele aliweka. Gauni lilikuwa limelowa chapachapa, na tayari lilikuwa baridi.

"Ndivyo unavyokuwa huko?"

"Huko ni zaidi."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiziba."

"Na kabla yake?"

"Kabla yake nilikuwa nakauka njiani. Ule wavu ni wa kutolea jasho. Niliambiwa."

Mkewe aligeuka. "Uliambiwa, ukanyamaza. Ukawa unajifungia bafuni kukohoa. Unadhani maji yanazuia sauti?"

"Lilikuwa koti lako," Kengele alisema.

Shemeji aliangalia gurudumu la mbele kama amelipenda ghafla.

"Nimekata koti ili nibaki na kifua chako," mkewe alisema polepole, "na wewe ukatoa kifua ili ubaki na koti langu. Hii nyumba haina mtu mwenye akili."

Shemeji alikohoa kidogo, akakumbuka alipo, akaomba radhi. Akauliza kama baiskeli basi airudishe ndani. Dada yake akamwambia hapana. Sheria ilisema kikohozi kikisikika baiskeli inatoka, na kikohozi kimesikika. Itatoka. Kesho alfajiri itapanda mlima na madebe yake kama kawaida, ila atakayeipanda ni yeye kaka mtu, kila siku, mpaka daktari aseme kifua cha mumewe kimesafika. Si aliitaka. Na kwa kuwa tandiko limeshapandishwa, hakuna haja ya kupoteza muda.

Shemeji alimtazama Kengele kumwomba msaada. Kengele akamkumbusha kuhusu changarawe.

Jumatatu walikwenda hospitali, wakaketi kwenye lile benchi. Daktari alisikiliza mgongo, akasikiliza kifua, akarudia upande wa kushoto, na katika kurudia huko Mama Pacha aliacha kupumua. Kisha daktari akasema mapafu hayajaguswa, ni njia za juu. Dawa, kupumzika, na asilowe. Neno hilo la mwisho walilipokea bila kutazamana. Waliporudi walimkuta shemeji amelala chali kwenye mkeka wao na viatu vyake. Alisema ule si mlima, ule ni ukuta umeegemezwa vibaya. Aliongeza kwamba kile kiti cha langoni sasa anakikalia mwenyewe.

Jioni hiyo Mama Pacha alifumua kazi yake. Mishono miwili miwili, midogo, alikuwa ameishona isifumuke, na sasa ilimkumbusha hivyo kwa kila uzi. Kengele alikaa karibu akiokota nyuzi. Wavu ulipotokea, mkewe aliuinua kwenye taa, akapuliza mbele, kisha akapuliza nyuma, akarudia, akakunja uso kama fundi anayemsifu fundi mwingine bila kupenda. Kile kipande akakirudisha kwenye dirisha la koti lake. Mshono ulionekana, lakini mvua haikupita.

Kikohozi kilipungua siku kwa siku, kikawa cha kooni tu, kikaisha. Daktari alimruhusu. Tandiko likashushwa hadi penye alama yake ya kutu. Lakini mkewe aliweka sheria mpya: kila akirudi, kabla ya chai, kabla ya salamu, mgongo.

Asubuhi ile ya kwanza baridi ilikuwa ya kupasua midomo. Kengele alipanda polepole, akijisikiliza. Kileleni binti wa mbio alimzunguka, akaona wavu, akatabasamu bila kuuliza kitu. Alipakia, akavuta zipu kwa kipande cha kamba hadi kidevuni, akaachia breki. Njia nzima hakuufikiria upepo. Aliufikiria mkono mmoja tu, na kila kona aliyoipita alijiuliza utakuta nini.

Alipomaliza kugawa alisukuma baiskeli hadi uani, akasimama kizingitini, akageuka bila kuambiwa, kama mtoto wa shule anayekaguliwa kucha. Akasikia kiti cha cherehani kikisogezwa. Mkono ukaingia chini ya pindo, ukapita kwenye shati, ukapanda hadi katikati ya mabega, pale pale baridi ilipokuwa ikimshika.

Mkono ulikaa pale muda mrefu kuliko unaohitajika kujua kama shati ni kavu.

"Chai inapoa," mkewe alisema.